Kitu Chenye Tundu ni Chombo

Kwa miaka mingi nilichonga viboko wenye mstari tumboni bila kujua mstari ule ni wa nini.

Ulikuwa mstari mwembamba. Ulianzia chini ya kidevu, ukapita katikati ya tumbo, ukaishia mkiani. Niliuweka kwa ncha ya kisu, mwisho kabisa, kabla jiwe halijasuguliwa kwa msasa na maji, na niliuweka kwa uangalifu kuliko nilivyoweka macho. Jicho likienda upande mnunuzi hucheka tu kwamba kiboko anamkonyeza. Lakini mstari ukienda upande nilikosa amani, nikahisi nimemharibia mnyama kitu chake cha ndani. Ndovu wangu walikuwa nao. Simba pia. Twiga alikuwa nao tangu miguuni hadi kwenye pembe, na huyo ndiye aliyenitesa, maana jiwe letu lina mishipa yake na shingo ya twiga haina huruma.

Nilifundishwa na mjomba wangu, kule kusini mwa Kisii jiwe la sabuni linakochimbwa. Mjomba alikuwa na wanyama wa plastiki ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Hiyo ndiyo ilikuwa mbuga yetu. Ukitaka kuchonga simba unafungua mkebe, unamtoa simba, unamweka mbele yako juu ya gogo. Mjomba hakuwahi kuona ndovu hata siku moja. Mimi nami sijaona, mpaka leo ninapoandika, ila kwenye televisheni, na yule wa televisheni alinishangaza kidogo kwa sababu alikuwa anatembea. Huku kwetu ni chai, ndizi na watu. Mnyama mkubwa ni ng'ombe.

Nilimuuliza mjomba mstari ni wa nini. Akasema, "Huo ni mshipa wa tumbo. Mnyama wa porini bila huo hawezi kusimama."

Sitaki kumsema vibaya. Alinifundisha kushika panga la kuchongea bila kujikata, alinifundisha kusikiliza jiwe kama lina ufa, na hayo mawili yamenilisha. Kuhusu tumbo la kiboko alijibu kama mtu mzima yeyote anavyomjibu mtoto.

Mjomba alipofariki nilirudi kwetu, upande wa Nyamira, karibu na Ekerenyo, kwenye shamba la baba. Jiwe naletewa kwa pikapu. Nachonga chini ya kibanda cha mabati kando ya ua, ambapo vumbi haliingii kwenye chakula sana. Watu wa hapa huniita msanii. Sijui kama nikubali. Niliacha shule darasa la saba, na hilo neno nalisikia pia likitumiwa kwa mtu anayeahidi asitimize. "Huyo ni msanii tu," watu husema, na hawamaanishi jiwe.

Wanyama wa mkebe walipozeeka na kukatika miguu, nilianza kununua wengine katika soko la Daraja Mbili, kwa mama mmoja ambaye meza yake iko kati ya wauza ndizi na marundo ya mitumba. Ana wanasesere wenye nywele za njano, ana magari, ana bunduki za maji, na wanyama anawauza wakiwa wamefungwa pamoja ndani ya wavu, simba na swara kwa amani. Alinizoea.

"Karibu, omogaka," alikuwa akisema. Mzee, yaani. "Wale wajukuu wamevunja tena?"

"Wamevunja," nilijibu, kwa sababu ukweli ulikuwa mrefu.

Siku moja nilienda na kiboko wangu wa jiwe mfukoni, nipate kulinganisha ukubwa. Nilipomtoa, mama akamnyakua.

"Hii umenunua wapi?"

"Nimechonga."

"Yaya, hapana! Wewe? Na hii mikono?" Akamgeuza, akamsugua shavuni kama mtu anayejaribu sabuni. Kisha akachukua kiboko wa plastiki mezani, akawashika wote wawili miguu juu, tumbo kando ya tumbo. Akaangalia. Akaanza kucheka, si cheko la dharau, cheko la mtu aliyepata habari njema ya mwingine. "Omogaka, hata mshono umeweka!"

"Mshono gani?"

"Huu! Plastiki inatoka nusu mbili, zinabanwa pamoja. Hapa ndipo zinapokutana. Kama suruali, angalia ndani utaona." Akamwita muuza ndizi: "Mama, njoo uone, huyu mzee ameshona jiwe!"

Muuza ndizi akaja, akaona, akasema ni kazi safi sana, mshono umenyooka. Wakanipa kiti. Mwenye meza alipomaliza kupangusa machozi akaniambia, kwa upole, "Tuseme ukweli. Yangu ikianguka inaruka. Yako ikianguka ni matanga. Lakini yako ina uzito, mtu akishika anajua ameshika kitu." Naona hata sasa kwamba alipima kwa haki. Nilinunua kiboko mpya, maana ndilo lililonipeleka, nikarudi nyumbani.

Wiki ile nilijaribu kuchonga bila mshono. Mkono uliuweka wenyewe nilipokuwa nafikiria mambo mengine. Nikafuta kwa msasa. Nilipopeleka mzigo kwa mnunuzi mjini Kisii, yule anayeuza nje ya nchi, akageuza ndovu wa kwanza na kukunja uso.

"Ule mstari uko wapi?"

"Nimeutoa. Haukuwa na maana."

"Haukuwa na maana? Nimewaambia wateja ni alama ya ukoo wenu! Rudisha."

Nikarudisha. Nilikaa mbele ya viboko wangu waliopangwa juani wakauke, nikawaza jambo ambalo sijui kama ni la maana. Siku zote nilijua kwamba kiwanda kinatoa vitu vinavyofanana na mimi natoa vya pekee. Kumbe kuna kiwanda mahali, hakijui kama niko duniani, nami nimekuwa mfanyakazi wake muda wote huo. Na nikisema haki, viboko wa kiwanda walikuwa wanatofautiana kuliko wangu. Mmoja alikuwa wa kijani.

Sasa niseme jambo la mke wangu, kwa sababu ndilo lililoleta mengine.

Mke wangu ni muumini wa siku nyingi katika kanisa letu la Sabato, pale chini karibu na mto. Mimi nilikuwa mtu wa kumsindikiza hadi getini. Tulioana kimila, ng'ombe wakaenda kwao, wazee wakakubali, watoto wakazaliwa wakakua wakaondoka. Lakini kanisani hatukuwa tumefunga ndoa, na hatungeweza kuifunga mpaka nami nibatizwe. Na asiye na ndoa ya kanisa hapewi kazi ya kusimama mbele. Basi mke wangu alikuwa msaidizi wa darasa la watoto. Anafagia, anapanga viti, anafuta makamasi, kisha anakaa kwenye benchi la mlangoni, na mwalimu anasimama kusimulia. Mwalimu alikuwa msichana mzuri mwenye bidii, ila alikuwa anasahau. Sabato moja nilichungulia dirishani, nikamwona mke wangu midomo yake inatembea. Alikuwa anasimulia hadithi yote pale mlangoni bila sauti, na msichana aliposahau, mke wangu alisita naye, midomo ikangoja.

Jioni hiyo nikamwambia nitaingia darasa la ubatizo. Alinipikia chinsaga, mboga yetu chungu, akaweka maziwa mengi kuliko kawaida.

Mwalimu wa ubatizo alikuwa mzee wa kanisa, jirani yangu. Shamba lake na langu yanatenganishwa na ua wa miti midogo, na ng'ombe wake alikuwa akifungwa upande ule wa ua, hatua chache kutoka kibanda changu. Uani tuliongea Ekegusii, akaniita tata, yaani baba, nami nikamwita tata. Darasani aliongea Kiswahili cha Maandiko na kuniita ndugu mwanafunzi.

Tulipofika amri ya pili, akafunga kitabu kwa kidole ndani yake.

"Ndugu mwanafunzi, wewe hufanya kazi gani?"

"Si unajua, tata."

"Sema darasa lisikie."

"Nachonga."

"Unachonga nini?"

"Mabakuli. Visahani vya kuwekea sabuni."

"Na nini?"

Nilitazama vumbi kwenye kucha zangu. "Wanyama."

Hakufurahi. Nataka hili lieleweke. Alionekana kama mtu aliyemkuta jirani yake amelala njiani na hawezi kumpita. Alisema mabakuli ni halali, lakini amri inasema sanamu ya kuchonga, na hilo neno kuchonga liko wazi kabisa, hata mimi mwenyewe ndilo ninalotumia. Nisichonge wanyama mpaka baraza la kanisa likae. Ubatizo ungesubiri.

Siku hizo hizo waumini waliotoka mjini walileta zawadi ya darasa la watoto: sanduku la wanyama wa plastiki, wawili wawili, kwa ajili ya hadithi ya safina. Mke wangu aliwaosha wote kwa sabuni akawaanika kwenye majani ya chai. Niliwatazama kwa macho ya kazi. Mishono ilikuwa imenyooka sana.

Nikamuuliza mzee uani, "Tata, na wale wa watoto?"

"Wale ni plastiki."

"Si ni sanamu pia?"

"Amri imesema kuchonga. Nani amechonga plastiki?"

Nililala na swali hilo. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amechonga. Ndovu wangu, aliyezaliwa kwa kumwiga ndovu wa plastiki, alikuwa haramu. Baba yake, yule wa plastiki, alikuwa darasani anafundisha Maandiko. Nililiona jambo hilo ni la ajabu, lakini nimeshaona mambo ya ajabu yakiwa kweli, kwa hiyo sikubishana.

Nikabaki na mabakuli. Bakuli ni kazi njema, ila mikono inaimaliza kichwa kikiwa kimekaa bure, na kichwa kilichokaa bure hutazama. Mbele yangu kulikuwa na ng'ombe wa mzee. Alikuwa ng'ombe wa kawaida, mweusi mwenye baka, pembe moja imejikunja kuelekea jicho. Mchana alikuwa analala, anakunja mguu mmoja wa mbele chini yake, ule mwingine anaunyoosha kando kama mtu aliyechoka na kiatu. Ngozi ya shingo ilimwagika. Tumbo lilienda upande mmoja, lote, likakaa chini kama gunia la mahindi lililotuliwa. Nilitafuta mshono. Tumbo lile halikuwa na mstari popote.

Sikukusudia kuvunja agizo. Nilichukua kipande cha jiwe jeupe chenye wingu jeusi, nikisema nitafanya bakuli. Kufikia wakati wa kukamua nilikuwa nimetoa mgongo, na haukuwa mgongo wa bakuli. Nilikuwa na hofu. Mfano wangu wa kwanza kabisa unaopumua! Plastiki hukaa, ukienda kunywa chai ukirudi iko vile vile. Huyu aligeuza kichwa, akafukuza nzi, akasimama akaondoka na tumbo lote, ikanibidi ningoje kesho alale tena. Nilikosea pembe. Nilikosea goti. Ila nilipomaliza, nilimweka chini nikarudi nyuma nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kitu ambacho kama ningekufa jana kisingekuwepo. Sijui kama hiyo ndiyo sanaa. Nilimfunika kwa gunia.

Basi nikawa mwanafunzi wa ubatizo anayeficha ng'ombe.

Wakati huo nilikuwa nasoma Maandiko jioni, polepole, kidole chini ya maneno. Nikafika mahali sanamu zinakatazwa tena, na safari hii palikuwa na maneno mawili: ya kuchonga, na ya kusubu. Kuchonga nalijua. Kusubu sikulijua.

Nikamuuliza mke wangu. Alikuwa anachambua maharagwe. "Si ni asubuhi? Sanamu ya asubuhi. Kuna watu wakiamka wanaabudu kabla hata hawajanawa uso."

Nikamuuliza mzee darasani. Hakusita. "Kusubu ni kusubiri. Ni miungu ya kusubiri. Kama wale vijana wanaoshinda kwenye simu wakingoja bahati." Kisha akafundisha juu ya hilo mpaka kipindi kikaisha, dhidi ya kungoja bila kufanya kazi, na lilikuwa fundisho zuri sana. Mimi mwenyewe liliniingia. Lilikuwa tu si maana ya neno.

Binti yetu alipomaliza shule aliacha kamusi yake juu ya kabati. Niliishusha, nikatafuta. Ilisema, kwa maneno yake, kusubu ni kuyeyusha kitu na kukimimina katika kalibu. Nikasoma mara nyingine. Nilidhani kamusi imeandikwa na mtu wa kwetu, maana sisi kwa ulimi wetu karibu na kalibu ni kitu kimoja. Kumimina katika karibu? Karibu na nini? Nikatafuta tena, safari hii kwa L badala ya R, na nikaikuta: kalibu ni kile kitu chenye umbo ndani, unakimiminia, kikipoa unakifungua, kinatoka kilivyotaka mwenye kalibu.

Nusu mbili, zinabanwa pamoja.

Nikakaa na kamusi magotini. Nikawaza mambo mawili, na la kwanza silo zuri. La kwanza ni kwamba nimewapata. Kama jiwe limekatazwa, plastiki imekatazwa mstari huo huo, na neno lake lenyewe. La pili lilikuja baadaye, na limebaki. Ile kalibu nayo haikuota. Mahali fulani, mtu aliketi na kisu chake akamchonga kiboko wa kwanza, wa udongo au wa mti, ndipo kalibu ikatengenezwa juu yake. Alikuwa mmoja tu. Pengine naye hakuwahi kumwona kiboko. Mpaka hapo nilikuwa nakionea wivu kiwanda, na kumbe mle ndani, chini kabisa, kulikuwa na mtu kama mimi mwenye vumbi kwenye nyusi.

Nikamwambia mke wangu neno nililolipata.

Aliacha kazi aliyokuwa anafanya. "Sasa ukisema hivyo, watoto watacheza na nini?"

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli. Na jiwe lako litakuwa limehalalishwa?"

Nikafikiri. "Hapana. Vyote viwili vitakuwa haramu."

"Kwa hiyo utakuwa umeshinda nini, Baba Watoto?"

Nikairudisha kamusi juu ya kabati. Ikakaa huko siku kadhaa. Lakini kila mzee alipotaja kusubiri darasani, wanafunzi wenzangu wakaandika, nami nilikuwa najua. Nikaona nikibatizwa nikiwa nimeficha ng'ombe na neno pia, yatakuwa maji tu. Nikaenda kwake uani na kamusi, nikamwonyesha, nikidhani atakasirika.

Akavaa miwani. Akasoma kusubu. Akasoma kalibu, akasema kwa sauti, "Karibu," nami nikamwonyesha L. Akatazama mbali, kwenye chai.

"Basi nimefundisha watu uongo."

"Lilikuwa fundisho zuri, tata."

"Ndiyo. Nililipenda." Akanirudishia kamusi kwa mikono miwili. "Nitapeleka barazani. Yote."

Baraza likakaa. Wanyama wa plastiki wakafungiwa kabatini mpaka uamuzi utoke, na Sabato ile darasa la watoto likapata safina isiyo na abiria. Mke wangu hakunisemesha njia nzima ya kurudi nyumbani. Alitembea mbele. Nilijua anachohesabu: mimi sijabatizwa, yeye bado yuko kwenye benchi la mlangoni, na sasa hata wanyama wamefungwa, na aliyefanya hayo yote ni mtu aliyesema anamsaidia.

Mzee aliporudi kutoka barazani alisimama upande wake wa ua, akanipa uamuzi kwa Kiswahili, nikajua ni mambo rasmi.

"Baraza limeona hivi. Kilichokatazwa ni kitu cha kutazamwa na kuinamiwa. Kitu chenye kazi si sanamu, ni chombo. Wanyama wa watoto wana kazi ya kufundisha, hao wafunguliwe. Wa kwako wawe na kazi."

"Kazi gani?"

"Kushika kalamu. Kushika mshumaa. Vijiti vya meno. Kuna ndugu mmoja aliuliza tutajuaje chombo ni chombo, na baada ya kuzungumza sana tukakubaliana." Akasafisha koo. "Kiwe na tundu. Kitu chenye tundu ni chombo."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni niliona mtu aliyepigana kwa ajili yangu chumba kizima. Wengine walikuwa wametaka niache kabisa. Tundu lilikuwa wazo lake.

"Nitakuja Ijumaa kabla jua halijazama nione," akasema. "Kila kitu kibandani kikiwa na tundu, Sabato utabatizwa pamoja na wengine, na ndoa itafuata."

Nikaazima drili ya mkono kwa fundi wa milango. Mke wangu alikuja kunishikia wanyama, ananisemesha tena. Ndovu tuliwatoboa mgongoni, wawe wa kalamu. Viboko tuliwatoboa matundu madogo madogo, wawe wa vijiti vya meno, wakaonekana kama waliopigwa na mvua ya mawe. Simba alipata mshumaa kichwani. Twiga alitushinda.

"Tumfanye nini huyu?" nikauliza.

"Mtoboe sikio," mke wangu akasema. "Atashika sindano."

Tulicheka mpaka vumbi likatupalia. Kusema haki, wanyama walionekana vibaya, lakini sikuumia sana. Nilijisemea kwamba hawakuwa wangu. Nilikuwa natoboa kazi ya mtu mwingine aliyeiga kazi ya mwingine.

Kisha mke wangu akainua gunia.

Alimtazama ng'ombe kwa muda. Alimtambua, maana anampita kila siku akienda kuteka maji. Aligusa lile tumbo lililokwenda upande.

"Huyu ulimfanya lini?"

"Wakati wa mabakuli."

Akamrudisha chini polepole. "Toboa," akasema.

"Wapi?"

"Popote. Ng'ombe ana mahali pengi." Lakini sauti yake haikuwa na mzaha, na hakukaa kunishikia. Aliingia jikoni. Nikaweka ncha ya drili mgongoni, nikaiondoa. Nikaweka kwenye nundu ya bega. Nikaiondoa. Nilimwona mke wangu kwenye lile benchi la mlangoni, nikaiweka tena. Nikawa nimekaa hivyo, drili mkononi kama mtu anayengoja aambiwe, mzee alipopiga hodi.

Alikagua kwa haki. Alimwinua kila mnyama, akatazama tundu, akatia kidole pale tundu lilipokitosha. Kwa twiga alisita, nikamwambia sindano, akakubali. Kisha akafika kwa ng'ombe, na gunia halikuwa juu yake.

Alichuchumaa. Sikuwahi kumwona mzee yule akichuchumaa isipokuwa akipalilia chai.

"Huyu," akasema, na akaacha Kiswahili, akaendelea kwa Ekegusii. "Huyu ni wangu."

"Ni wako, tata."

"Huo mguu. Anaukunja hivyo kwa sababu alianguka mtaroni alipokuwa ndama. Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliona."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa ng'ambo ya ua, amesimama, anakula, hana habari na lolote. Jua lilikuwa linashuka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi.

"Hana tundu," mzee akasema.

"Hana."

"Nikiona kisicho na tundu siwezi kusema nimeona tundu."

"Najua. Sikuombi useme."

Akamgeuza ng'ombe, akamlaza mgongo chini juu ya gunia, taratibu, kama anavyolazwa wa kweli daktari wa mifugo anapokuja. Akapapasa chini, pale jiwe lilipokuwa tambarare, mahali ambapo tundu halitaonekana ng'ombe akiwa amekaa.

"Toboa hapa."

"Hapo chini litakuwa la kazi gani? Hata kalamu itaanguka."

"Baraza lilisema liwe na tundu," mzee akasema. "Halikusema la upande gani. Nilikuwepo." Kisha akapiga goti, akashika pembe kwa mkono mmoja na miguu kwa mwingine, kwa nguvu kuliko jiwe linavyohitaji. "Haraka. Sabato inaingia."

Nikatoboa. Unga mweupe ukamwagika kwenye suruali yake nzuri. Nilipofika pale penye wingu jeusi nilisikia jiwe likibadilika sauti, nikapunguza, naye mzee akazuia pumzi mpaka ncha ilipopita. Akalipuliza tundu. Akatia ncha ya kidole, akatoa, akamsimamisha ng'ombe jinsi alivyokuwa. Tukamtazama sote wawili. Alikuwa amelala tu.

"Imetoboka?" mke wangu akauliza kutoka mlangoni.

Mzee akajibu kabla yangu. "Imetoboka, mama. Tuletee maji tunawe."

Kesho yake nilizamishwa mtoni, baridi yake sitaisimulia. Ndoa ilifungwa baadaye kidogo, mke wangu amevaa nguo aliyoazimwa na dada yake na mimi koti la mzee. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya watoto. Nilikaa kwenye benchi la mlangoni, maana lilikuwa wazi. Alifungua sanduku la plastiki akawapanga wanyama wawili wawili, akaanza hadithi kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliyekuwa akiongea na kiziwi, mpaka mtoto mmoja akaziba masikio. Akashusha sauti. Akaendelea.